Maziwa ya Soya ya Auleria

Tangu utotoni, tumbo la Auleria halikupatana na maziwa ya ng'ombe. Akinywa kikombe kimoja tu, linajaa, linanguruma, kisha anakimbilia chooni. Kwao, kijijini Kaniha, hakuna aliyemlazimisha. Taabu ilianza alipoolewa kijiji cha Keza na Nduwayo, mtu wa ng'ombe kwelikweli.

"Anayekataa maziwa anawaombea ng'ombe kifo," alisema Kankindi, mama mkwe wake.

Mtamba mmoja alipokufa, Nduwayo alimbana mkewe ukutani, akamminya taya, akammiminia maziwa kinywani. Auleria akatapika. Fimbo ya kuchungia ikamshukia kichwani. Sikio la kushoto likatoka damu, na mpaka leo halisikii.

Muuguzi wa zahanati aliyemsafisha lile sikio ndiye aliyemwambia, "Huo si uchawi, dada. Wako wengi wenye tumbo kama lako. Jaribu ya soya."

Akaloweka soya, akaimenya, akaitwanga, akachuja kwa kitambaa, akachemsha hadi harufu ya ubichi ikaisha. Akanywa, akasubiri. Tumbo kimya! Alicheka peke yake jikoni.

Asubuhi moja Nduwayo akamkuta anakoroga sufuria.

"Unawadharau ng'ombe wangu kwa maharage?"

Akaipiga sufuria teke. Maziwa yanayotokota yakamrukia mguuni. Akanguruma kama fahali, akachomoa panga lililochomekwa kwenye paa. Auleria hakukimbia. Aliunyanyua mchi kwa mikono miwili, akaushusha kwenye mkono wenye panga. Mfupa ukalia ka! Panga likaanguka. Akaunyanyua tena, safari hii akilenga kichwa.

Kankindi akajitupa katikati. "Utaniulia mwanangu!"

"Na aliponiua mimi, mama, ulikuwa wapi?"

Kisha Auleria akautupa mchi, akajifunga khanga, akashuka kwa miguu hadi barabarani, akapanda pikipiki kurudi kwao.

Wazee wa ukoo wa mumewe walipomfuata Kaniha, aliwaamkia shikamooni kwa heshima zote, akawamiminia maziwa ya soya, akasema harudi. Mmoja alikunywa. Wengine waliondoka vikombe vikiwa vimejaa. Nduwayo mwenyewe hakuja. Mkono wake uliunga ukiwa umepinda.

Sasa Auleria analima soya nyuma ya nyumba ya kaka yake. Jirani yake Bonifasia, ambaye binti yake huharisha kila anapokunywa maziwa ya ng'ombe, huja kujifunza. Mara nyingine, mwanamume akifoka barabarani, Auleria huacha maneno katikati, akaushika mchi. Bonifasia hamuulizi kitu. Hungoja auweke chini, kisha wanaendelea kuchuja.