Unga wa Muhogo kwenye Uso wa Draiva

Siku yangu ya kwanza kazini sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kurudisha fimbo. Baba yangu alikuwa seremala hapa Gongoni, Tabora, fundi wa viti na vitanda, na klabu ya gofu ilikuwa ikimletea draiva zilizovunjika. Draiva ni ile fimbo ndefu kuliko zote mfukoni, ya kupigia mpira wa kwanza wa shimo, na enzi hizo kichwa chake kilikuwa cha mti. Kichwa kikishaungana na mpini, shingo hufungwa kwa uzi uliopakwa nta, mzunguko kwa mzunguko, bila kupandana. Katibu wa klabu, mzee mkali aliyevaa kofia nyeupe kila siku ya Mungu, aliugeuzageuza ule uzi mkononi.

"Kafunga nani hii?"

"Mimi."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mgongo unamsumbua. Lakini hata akiwa mzima, shingo huwa nafunga mimi."

Akanitazama kuanzia kanga hadi ndala. "Basi kesho saa moja asubuhi uwe hapa. Ukichelewa, usiingie." Sikuchelewa kesho yake, wala miaka thelathini na kitu iliyofuata.

Ninyi wa leo mnaona majani mabichi kwenye televisheni mnadhani gofu ndiyo hiyo. Sisi pale penye shimo hatukuwa na majani. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo wa kiangazi usiuchukue, na ukimaliza kucheza ulipaswa kuufagia kwa ajili ya mwenzako. Upande wa kulia palikuwa na mashamba ya muhogo ya watu wa Ipuli, na huko ndiko ilikozikwa mipira mingi ya waheshimiwa.

Ilizikwa kwa sababu ya ujinga wetu mmoja, na nausema bila kumung'unya maneno: pale kwetu draiva ilichaguliwa kwa cheo. Uso wa draiva umeinama kidogo kuelekea nyuma, na mwinamo huo hupimwa kwa nyuzi, zile za pembe za hesabu. Nyuzi zikiwa chache, nane au tisa, fimbo ni ngumu, inamtaka mtu mwenye mkono. Zikiwa kumi na mbili, mpira unapanda wenyewe. Mkubwa akibeba ya nyuzi nane, msaidizi wake alibeba ya tisa, na karani akaona aibu kuonekana na ya kumi na mbili, maana waliiita fimbo ya wajawazito. Kwa hiyo watu wenye handikapu ya ishirini na nane, yaani wachezaji dhaifu wanaopewa mapigo mengi ya nyongeza ili mchezo uwe wa haki, walitembea na fimbo za mabingwa. Mimi mwenyewe handikapu yangu ni ishirini na nane mpaka leo, na sijawahi kuificha.

Baba alipokuwa hai nilimweleza jambo hili, akacheka mpaka akakohoa. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mpagazi katika misafara ya kutoka hapa kwenda pwani. Kabla ya safari mizigo ilipangwa chini, na mpagazi aliinua mmoja, akatembea nao hatua kumi. Usipokaa vizuri begani aliutua, akajaribu mwingine, na mnyapara hakuwa na la kusema. Wale waliokimbilia pembe kubwa za ndovu ili wasifiwe na wanawake, babu aliwakuta wameketi njiani kabla ya Ugogo, mabega yamevimba. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," baba akasema. "Sasa wewe fundi, wajaribishe hatua kumi."

Niliipata njia ya kuwajaribisha nikiwa Urambo, ambako niliazimwa miaka miwili kwa Meneja wa kampuni moja ya tumbaku. Meneja alikuwa na handikapu ya thelathini na roho ya kujicheka. Siku moja akaniuliza, "Fundi, hivi huu mpira nimeukosea nini?"

Nilikuwa nimetoka jikoni kwa mpishi na mikono imejaa unga wa muhogo. Nikaupaka uso wa draiva yake, nikamwambia, "Piga mipira kumi, mzee, kila pigo unionyeshe uso."

Kila mpira uliacha alama kwenye unga. Alama zilitapakaa: nyingine nchani, nyingine karibu na shingo, mbili juu kabisa. Katikati ilikuwa moja. Hapo nikaelewa kazi yangu. Mchezaji dhaifu hapigi katikati, na kumwambia apige katikati ni kumwambia kiwete akimbie. Mtafutie kichwa kipana, ambacho uzito wake umesambazwa pembeni, ili akikosea kisijipinde mkononi. Mpe nyuzi kumi na mbili. Mpe mpini mwepesi unaonyumbuka, tena uupunguze upana wa vidole viwili, kwa kuwa mpini mrefu ni wa kujionyesha tu. Atakosea vilevile, lakini mpira wake utabaki uwanjani.

Niliporudi Tabora, Katibu alikuwa amestaafu na uongozi ulikuwa kwa Nahodha. Nahodha wa klabu ndiye mkuu wa wachezaji, ingawa hana chombo wala bahari. Huyu wetu nilimzidi miaka kumi na miwili, na katika miaka yote ya uongozi wake sikusikia shikamoo kutoka kinywani mwake. Aliniita "Fundi" kama anayeita taksi. Tulikuwa tumeletewa draiva za chuma zenye vichwa vipana, zawadi ya mwanachama aliyehama. Nahodha akaamuru zifungiwe stoo. "Hapa si klabu ya wagonjwa," alisema. Nilizifungia, naungama. Nilizifungia miaka mitatu, na watu wakaendelea kulima muhogo wa Ipuli kwa mipira yao.

Kisha akaja Bi Ester, muuguzi kutoka Nzega, handikapu thelathini na sita. Alicheka kwa sauti, akapiga vibaya, na kila Jumamosi walimcheka yeye. Alasiri moja, kesho yake ikiwa mashindano ya kufunga mwaka, alikuja karakanani kwangu akaketi kwenye benchi.

"Mama, mimi naacha," aliniambia. "Nimechoka kuwa kichekesho. Nimalize kesho basi."

Nikachukua unga. Alipiga kumi, na uso wa fimbo yake ukawa na madoadoa kila mahali. Nilikwenda stoo, nikafungua, nikatoa kichwa kipana cha nyuzi kumi na mbili. Nilikuwa nimeubana mpini kwenye jiliwa, kile chuma cha baba cha kushikia kitu kisicheze, nikiukata, Nahodha alipoingia.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Stoo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mikono ya Bi Ester. Tazama alama hizi, bwana."

Hakutazama. "Mkataa pema pabaya panamwita, Fundi. Ukimpa hiyo fimbo, kesho jioni uniletee funguo za karakana."

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili tu nistaafu kwa heshima. Karakana ile nilipanga rafu zake mwenyewe, msumari kwa msumari. Lakini msumeno haukusimama. Nilimkabidhi Bi Ester fimbo yake mbele ya macho ya Nahodha.

Hakushinda, nisiwadanganye. Alishika nafasi ya kumi na moja. Lakini alimaliza mashimo yote kwa mpira uleule mmoja, akipiga nchani, akipiga shingoni, na mpira ukienda tu, na kufikia shimo la tisa hakuna aliyekuwa akimcheka. Nahodha alipoteza mitatu kwenye muhogo.

Jioni nilimpelekea funguo. Nikalifungua jiliwa la baba kwenye meza, nikalipakia kwenye bodaboda, nikaja nalo nyumbani. Nililia usiku ule. Asubuhi nililifunga barazani, na kabla ya mwezi kwisha makarani wawili na daktari mmoja walikuwa wamekuja na fimbo zao wamezifunga kwenye magazeti.

Ninyi mlioko makazini mnaniuliza kama najuta. Najuta ile miaka mitatu niliyofunga stoo. Hiyo tu. Nilikuwa na ufunguo, nilijua ukweli, nikanyamaza kwa kuogopa mtu.

Mwezi uliopita dereva wa Nahodha alileta draiva ya nyuzi nane, eti bosi anaomba ibadilishwe kichwa, mgongo wake si wa zamani. Nikamrudishia. "Mwambie sipimi fimbo ya mtu asiyekuwepo."

Jumapili gari lilisimama nje. Aliteremka polepole, mkono kiunoni, akasimama chini ya ngazi ya baraza langu na fimbo yake mkononi. Nikaendelea kupaka nta uzi wangu. Nilikuwa na muda.

"Shikamoo, Bi Tatu," akasema.

"Marahaba. Unga uko kwenye kopo. Piga kumi."