Chumvi Imeingia

Miaka tisa mkono wa chumvi ulikuwa wangu, na sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuuchukua. Nyie mnaopikia watu watano nyumbani mtaniona nina makuu. Chumvi tu! Lakini sie tunapika shughuli: harusi, maulidi, hitima, ubarikio, popote kuanzia Temeke mpaka Kinondoni ambako watu mia tatu wanasubiri sahani. Masufuria yetu unaweza kumwogeshea mtoto. Sasa wakae wanawake watano kwenye sufuria kama hilo, kila mmoja na ulimi wake, kila mmoja atie kijiko chake. Hapo hamna pilau tena.

Ndiyo maana bosi wetu, mama mtu mzima wa hapahapa Tandika, mwenye masufuria na miiko yote, alituwekea utaratibu. Chumvi anatia mtu mmoja. Akishatia anaita kwa sauti, "Chumvi imeingia!" na sie wengine popote tulipo, hata kama umeinamia vitunguu machozi yanakutoka, tunaitikia, "Tumesikia!" Isipoitikiwa haijaingia. Anayeita arudie mpaka aitikiwe. Mgeni akitukuta tukiitana hivyo hucheka, anadhani tunaimba.

Mie nilikuwaga naita vizuri. Kule uani kwa watu, sauti yangu ilikuwa inapita juu ya spika za muziki. Mama wa harusi akichungulia jikoni, bosi alikuwa ananionyesha kwa kidole, "Yule ndiye mwenye chumvi, msiwe na wasiwasi." Jamani, nilikuwa nalala na maneno hayo.

Halafu nikaumwa. Homa ikanilaza wiki tatu, na bosi akatafuta mtu wa kushika nafasi. Nilivyorudi nikamkuta: mwanamke wa Lindi, mpole, kavaa kanga kiunoni, kaniinamia, "Shikamoo dada." Shikamoo! Tumepishana miaka saba tu na huyu, ananiamkia mie kama bibi yake. Nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Bosi akaniambia wala hakuzunguka, "Huyu ana mkono mzuri. Mwache kwenye chumvi, wewe pumzika kwenye moto kwanza, si umetoka kuumwa?"

Nikasema sawa. Roho iliniuma mpaka nikahisi homa imerudi. Moto! Kusukuma kuni na kufuta makamasi ya moshi, kazi ambayo siku zote tulimpa mtu mpya.

Niseme ukweli wangu, huyo dada hakunikosea kitu. Ndiyo kilichozidi kunichoma. Angekuwa na maringo ningemnyoosha siku moja mambo yakaisha. Yeye akifika anakoka moto wangu kabla sijafika. Wale ndugu wawili wa Manzese, mmoja wa vitunguu na mwenzie wa nyama, ambao miaka yote walikuwa wanacheka na mie, sasa wakawa wanacheka na yeye. Siku moja nikawakuta watatu wanakunywa uji kwenye kikombe kimoja wanapokezana. Wakaniita, "Njoo dada, umebaki." Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu jana yake.

Na pilau lake lilikuwa tamu. Nilikuwa naonja kwa kificho, natafuta kosa. Hamna. Nikifika nyumbani nanuna, mume wangu ananiuliza nani kafa. Kijiba cha roho, mwenzangu, hakina dawa dukani.

Sasa siku ya tukio. Tulikuwa tunapika harusi Kinondoni, ndoa inafungwa adhuhuri, watu waje kula wakishatoka msikitini. Shughuli kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Bosi alikuwa na mafua mabaya, kafunga kitambaa puani, chakula hakisikii kabisa. Asubuhi alitukusanya akasema, "Leo ulimi wangu haupo. Mnategemeana nyie." Akamgeukia yule wa Lindi, "Hasa wewe." Mie nilikuwa nimesimama palepale, bega kwa bega na huyo aliyeambiwa. Nikaenda zangu kwenye kuni.

Saa tano na kitu maji ya sufuria kubwa yakachemka. Wale ndugu wawili walikuwa bombani wanaosha mchele, bosi kaenda mbele kupokea sahani. Uani tumebaki mie kwenye kigoda changu na yeye na bakuli la chumvi. Akatia, akakoroga, akaonja kwa kiganja. Akaita, "Chumvi imeingia!"

Nikauchuna.

Akaniangalia. Nikainua macho nikamtazama, kisha nikainama kusukuma kuni ambayo haikuhitaji kusukumwa. Akafungua mdomo aite tena, na palepale mama wa bibi harusi akamwita ndani akamwonyeshe nyama ya kukaanga ya meza kuu. Akaenda. Nadhani alijiambia dada kaniona, kasikia. Na kweli nilisikia. Neno moja tu, na nilikuwa nimelisema mara elfu. Lilikataa kutoka, na mie sikulilazimisha.

Bosi akarudi mbiombio. "Maji yanachemka, chumvi je? Imeitwa?" Mchele umeshaletwa, watu wameshaanza kusogea msikitini, ngoma za dufu zinasikika mtaa wa pili. Akaniuliza mie, mtu pekee aliyekuwepo uani muda wote.

Nikabetua mabega. "Mie nipo na moto, bosi."

Akachota chumvi yeye mwenyewe, ya sufuria zima, akatia. Akaita kwa ile sauti yake ya mafua. Wale ndugu wakaitikia, "Tumesikia!" Na mie nikaitikia! Hapo ndipo hata leo nikikumbuka napata joto la uso. Sauti ilikuwepo kumbe.

Sitawadanganya kwamba nilijuta palepale. Nilikaa nikapuliza moto wangu, nikasema moyoni, leo tutaona mkono mzuri.

Wa nyama ndiye aliyefunua sufuria. Akatia kijiko mdomoni akakitema chini. "Loh! Hii bahari!" Wakaonja wote wenye ulimi, mmoja baada ya mwenzie, na kila mmoja uso ulikunjika. Bosi alishika nguzo ya turubai. Jina lake la miaka thelathini lilikuwa ndani ya lile sufuria, na nje wageni wanavua viatu wanakaa kwenye majamvi. Nikaitazama mikono yake kwenye nguzo ile, mikono iliyoniletea uji wa pilipili manga nilivyokuwa naumwa. Hapo ndipo majuto yakaanza.

"Nani katia?" akauliza. "Mie nimetia. Kuna mwingine katia?"

Yule wa Lindi akasogea. "Mie nilitia, bosi. Na niliita."

"Nani alisikia?"

Wale ndugu wakatikisa vichwa, walikuwa bombani. Yeye akanitazama, si kwa hasira. Alikuwa ananisubiri, kama mtu anayekushikia mlango upite. Nikaangalia majivu.

Akasema, "Labda niliita kwa sauti ndogo."

Bosi hakuwa na muda wa kesi. "Mchele uliobaki wote, chapuchapu! Hautiwi hata punje ya chumvi!" Na hapo ndipo ungetuona. Wa vitunguu akaanza kukata wakati nduguye anakaanga, yule wa Lindi kahamishia makaa yangu kwenye jiko la pili kwa mikono karibu mitupu, bosi kaenda mbele kuwaambia wageni waanze na juisi na tende. Hakuna aliyemuuliza mwenzie nifanye nini. Tukapika wali mweupe wa viungo, tukaanza kuuchanganya na ule wa bahari, sinia kwa sinia. Kuchanganya kunataka mtu wa kuonja na kusema hapa tosha, hapa ongeza. Bosi hana ulimi. Yule wa Lindi akaniletea kijiko.

"Onja wewe dada. Mie nimeonja sana, sisikii tena kitu."

Nikaonja. Ongeza mweupe. Nikaonja tena. Bado. Tulifanya hivyo sinia baada ya sinia, yeye anachanganya, mie naonja, tumeinamiana vichwa vinakaribia kugongana, na kwa muda nikasahau kabisa kwamba namchukia. Chakula kikatoka kimechelewa, lakini kikatoka. Watu walikula, wakaongezwa, na shangazi wa bwana harusi akaja nyuma kuuliza hili pilau mnalipikaje. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mie nilicheka nao, halafu nikakumbuka, nikainuka kukusanya masinia.

Tukiwa tunaosha masufuria, bosi akasema mbele ya wote, "Kuanzia shughuli ijayo chumvi inarudi kwa mwenyewe." Akanipa bakuli. "Wewe mama wa Lindi utashika moto. Sauti yako haisikiki."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: bosi, sauti yake ilisikika, mie ndiye niliyeisikia. Yeye alikuwa ameshika waya wa kusugulia, ameinamia sufuria, hakuinua hata kichwa. Nikapokea bakuli. Nikasema, "Ahsante, bosi."

Sasa ni mwaka wa pili. Nilichokililia ninacho: mama za harusi wanaonyeshwa mie kwa kidole, yule ndiye mwenye chumvi. Naye yupo kwenye moto, kwenye kigoda kilekile, na wale ndugu wa Manzese wanahama na vitunguu vyao wanakwenda kumkatia karibu na moshi, machozi yanawatoka mara mbili, wanacheka. Bosi akiwa na jambo zito anamwambia yeye kwanza. Na mie bado namwonea wivu, Mungu ananiona. Zamani nilimwonea wivu kwa mkono wake. Siku hizi namwonea kwa ule mdomo wake, ulioweza kujua jambo na ukalifunga, ukalifunga kwa ajili yangu.

Nilishajaribu kumwambia. Mara mbili tumekaa pamoja kituoni tunasubiri gari, nikasema, "Mama wa Lindi, ile siku ya Kinondoni..." Akanikata, "Dada, tulipika vizuri siku ile." Basi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na ubarikio Temeke. Spika ziko juu, watoto wanapiga kelele, wa nyama yupo kwenye simu, wa vitunguu kaenda dukani, bosi yupo mbali. Natia chumvi, naonja, nainua kichwa. "Chumvi imeingia!"

Na kabla sijafunga mdomo, kutoka kwenye moshi, kwa sauti inayopita juu ya muziki wote ule, sauti ambayo haijawahi kuwa ndogo hata siku moja, akaitikia, "Tumesikia, dada!"