Mdogo Wangu na Bongo za Watu

Ujinga wangu ulikuwa kuwatangazia majirani kwamba mdogo wangu ameenda ng'ambo kusomea udaktari wa kichwa. Kumbe anachunguza jinsi ubongo unavyofanya kazi, ili watu waunde mashine zenye akili zaidi. Sasa mtu wa kidato cha nne kama mimi, ambaye safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, angeyaeleza vipi hayo hapa Changamwe? Udaktari ulisemeka haraka.

Alasiri moja nilikuwa barazani, nusu nimelala. Kivuli cha ndege iliyokuwa ikienda kutua uwanjani kikateleza juu ya kanga nilizoanika, polepole, kama samaki mkubwa, nami nikawa namwona mdogo wangu amekaa tumboni mwake, anapunga mkono. Nilipofumbua macho, jirani yangu alikuwa mbele yangu, amemshika mumewe mkono. Mzee alikuwa kuli bandarini. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno tangu kabla ya masika.

"Mpigie huyo daktari wenu amtazame."

Ningeweza kukiri palepale. Badala yake nikapiga simu ya video.

Mdogo wangu akatokea na skafu shingoni kwa baridi ya huko, ingawa yumo ndani ya nyumba. Nilipomweleza, akacheka. "Mama, mimi sitibu watu. Huyu dadangu hulala mno, hizo ni ndoto zake." Kisha akamwona mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu.

Sauti nzito, ya zamani, kana kwamba ilikuwa chumba cha ndani siku zote hizo ikingoja mtu apige hodi. Nilidhani bado naota.

Mkewe akamwinamia. "Haya, na mimi ni nani?"

Mzee akamtazama, midomo ikacheza, kisha basi.

"Salamu ameitikia tangu utotoni," mdogo wangu akasema taratibu. "Mazoea kama hayo huweza kubaki hata maneno mengine yakipotea. Mashine zetu bado hazijui kusahau hivyo. Lakini mama, mrudisheni hospitali, wapo wanaofundisha watu kusema upya."

Mimi machozi yalikuwa yananilengalenga, na ndege nyingine inapita, na kila kitu kikaonekana kinaelea. Jirani yangu hakulia. Alimfuta mumewe mdomo kwa pembe ya leso, akamtazama sana.

"Kumbe maneno anayo," akasema. "Ni mimi tu ambaye hanipi."