Pointi zangu za hoteli Hamburg, na shangazi wa Chanika aliyeona kitanda

Wakuu, nawasalimu kutoka Korogwe. Mvua imenifungia ndani leo, nimeona nitumie nafasi hii kuungama.

Yote haya yamenitokea. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa katani. Sio kulima, ni kuandika ripoti kuhusu wanaolima. Kwa miaka mingi ripoti hizo zimenilaza kwenye hoteli moja ya kikazi Dar, zile zenye meza ya kuandikia na birika la umeme, na kila nikilala naongezewa pointi za uanachama. Wenzangu walizipuuza. Mimi nilizitunza kama mtu anayefuga mbuzi.

Mwaka huu nikaitwa Ujerumani, mji wa Hamburg, kwenye mkutano wa wanunuzi wa katani. Wenyeji wangu walinihudumia mpaka Ijumaa mchana. Ndege yangu ilikuwa Jumapili jioni.

Nikaangalia kwenye simu. Hoteli za kundi lile lile zipo na Hamburg, pointi zinatosha usiku mbili, chai ya asubuhi ndani. Nikabonyeza kabla akili haijafika.

Tatizo ni moja. Hamburg anaishi Mwanaidi, binti wa shangazi yangu.

Kwa wasiotoka huku kwetu: Handeni na Korogwe hulali gesti kwenye mji wenye ndugu yako. Ukilala, umetangaza kwamba nyumba yake haifai, au chakula chake, au mumewe. Kuna watu hawazikani kwa sababu hiyo.

Na huyu si ndugu wa mbali. Nilipopangiwa sekondari Handeni, nikitokea Bungu milimani, shangazi ndiye aliyenipokea kwake Chanika. Miaka minne. Vyumba viwili, watoto watano na bibi yao, na mimi nikapewa kitanda. Kilikuwa cha nani, sikuuliza. Nilikuwa tayari msomi.

Basi kwa nini sikwenda kwa Mwanaidi?

Nilitaka kimya, wakuu. Nilitaka kulala bila kuulizwa habari za mtu yeyote. Mama yangu nikamwambia mkutano unaisha Jumapili. Mzigo aliotuma, unga wa muhogo na iliki ya Vugiri, nikapanga nimkabidhi Mwanaidi stesheni ya treni, Jumapili hiyo hiyo. Dakika kumi, nakumbatia, naondoka.

Chumba kilikuwa kizuri kuliko tabia yangu. Kitanda kipana, shuka nyeupe, mito minne kwa kichwa kimoja. Nikakipiga picha, jina la hoteli likionekana kwenye mto, nikaiweka status.

Najua. Msinitukane bado. Nilichagua kabisa nani asione. Mama nilimficha. Wajomba niliwaficha. Shangazi nilimficha pia, ila alibadilisha namba mwaka jana, na mimi niliificha ile ya zamani.

Jumamosi asubuhi ikaingia voice note.

"Mwanangu, nimeona kitanda. Kizuri, hongera. Hicho ni cha kwa mdogo wako?"

Basi, ndiyo yote.

Nimevuka miaka hamsini, nina shahada mbili, na nilianza kutunga uongo kama siku niliyovunja chupa yake ya chai. Shangazi hagombezi. Ukimuudhi, siku utakayokwenda kumsalimia anakupeleka sebuleni na kukukalisha kwenye kiti cha mgeni. Hilo ndilo nililoliogopa: kukaribishwa kama mgeni kwenye nyumba iliyonilea.

Nilikuwa bado natafuta jibu, mapokezi wakapiga simu chumbani. Nina wageni.

Mwanaidi alikuwa amesimama katikati ya lobby, koti hajavua, na mabinti zake wawili, wa miaka tisa na sita. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Alikuwa ametoka zamu, akapitia watoto kwa jirani, akaja moja kwa moja. Mumewe ni dereva wa malori na alikuwa safarini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mwanaidi, ngoja nikueleze."

"Utanieleza kwenye treni. Mama amesema nisirudi bila wewe. Fungasha."

Nikaeleza habari za pointi. Kwamba zimeshakatwa, hazirudi, na kwamba zingeoza zisipotumika. Alinisikiliza, nadhani, kama anavyowasikiliza wazee wake.

"Pointi," akasema. "Haya. Nionyeshe basi hicho kitanda, nikamwambie mama na mimi nimekiona."

Tukapanda wote wanne. Akakibonyeza kwa kiganja kama anachagua parachichi sokoni. Akakaa ukingoni. Akajiegemeza kidogo, anapima tu, alisema.

Binti mkubwa akaniambia, kwa Kiswahili cha Chanika kabisa, "Mjomba, mama amelala."

Amelala na koti lake. Tukamvua viatu, tukamwachia karatasi mezani, tukashuka lobby kunywa chokoleti ya moto. Saa mbili nzima. Yule mdogo alitaka kujua kama Korogwe kuna lifti. Nikamwambia mpaka nilipoondoka, sikuwa nimeiona.

Tuliporudi tulimkuta amekaa kitandani, uso umevimba kwa usingizi.

"Kaka nisamehe. Nimekuja kukuchukua wewe, nimelala mimi." Kisha akacheka. "Unajua nina chumba kimoja na sebule? Tangu mama apige nawaza nitakulaza wapi. Nikasema huyu naye, kitanda changu cha Chanika alikilalia miaka minne, mimi na bibi kwenye mkeka. Na hapa amekuja kukitafuta tena."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuelekeza duka lilipo.

Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha meza ya kuandikia, nikahesabu ile mito minne.

"Mwanaidi," nikamwambia baadaye, "leo una zamu?"

"Mpaka kesho kutwa sina."

"Basi wewe baki. Mimi naenda kwako na watoto."

"Mama akiuliza?"

"Ataniuliza nimelala wapi. Nitakuwa nimelala kwako."

Alinitazama. Akamtazama binti yake mkubwa, ambaye alikuwa ameshavaa koti. Akavuta shuka.

Mapokezi palikuwa na kijana mpole, alihangaika kidogo. Chumba ni cha watu wawili, kumwandikisha wa pili si shida. "Kwa hiyo wewe huondoki," akaniuliza, "ila hutakuwepo?" Nikamwambia ndivyo hasa, na huyu ni mdogo wangu.

Binti wa miaka tisa ndiye aliyeniongoza kwenye treni. Jioni nikasonga ugali wa muhogo wa mama. Walikula, kisha wakanijulisha kwamba mama yao anaujua zaidi. Nikalala kwenye sofa fupi, miguu nje, nimefunikwa blanketi lenye picha za paka. Nilikoroma, naambiwa, mpaka meza ikatetemeka, wakaihamisha.

Jumapili asubuhi shangazi akapiga, ya video.

"Umelala wapi, mwanangu?"

Nikageuza simu, nikamwonyesha sofa, blanketi, na wajukuu zake wanakula mkate.

Akasogeza uso karibu na simu. Nikaona ile sura yake ya zamani ikirudi, polepole.

"Na mdogo wako?"

"Bado amelala, shangazi."

"Mwache. Ana kazi ngumu yule. Umpikie chai."

Wakuu, niliketi kwenye lile sofa nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Mwanaidi alirudi saa sita mchana, na sabuni ndogo za hoteli kwenye mkoba. Nilimuuliza kulikuwaje. Akafikiri, akasema, "Kaka, usiku kucha hakuna mtu aliyeniita."

Nilichojifunza? Kwamba mtu anayekupokea kwa lazima ya desturi huenda amechoka kuliko wewe. Na kwamba ukipewa kitanda, uliza ni cha nani, hata kama umechelewa miaka thelathini na kitu.

Sasa naombeni ushauri. Wiki iliyopita nilikwenda Chanika. Nilipitishwa moja kwa moja jikoni, nikapewa kigoda. Shangazi anawasimulia majirani kwamba mwanawe aliacha kitanda cha hoteli ya Ulaya akaenda kulala kwenye sofa kwa mdogo wake. Kila neno ni kweli, na sifa zinanizidi.

Nimwambie ni nani aliyelala hotelini, au niendelee kula sifa? Wenye uzoefu wa mashangazi, uwanja ni wenu.