Mkate wa Kichwa Wazi

Mtaani walimwita Mzee Baridi, na jina hilo halikutokana na tabia yake. Alikuwa mcheshi wa kimyakimya, mtu wa kuwatania watoto huku mwenyewe hacheki. Ubaridi ulikuwa wa kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali kuu: kupokea, kuosha, kunyoa, kuvisha, kisha kuwafungulia ndugu mlango na kusimama pembeni wakilia. Kazi ile hakuiomba. Aliajiriwa kufagia wodi, siku moja mhudumu wa zamani akaugua, wakamwambia ashikilie kwa wiki moja tu. Wiki hiyo haikuisha.

Hakuna aliyekuwa na mikono misafi kama yake mtaa mzima. Kucha alizikata mara mbili kwa wiki, na sabuni aliipandisha mpaka viwikoni kama daktari. Lakini macho ya watu hayaoni sabuni. Akienda kununua nyanya, muuza mboga alimwambia kwa upole kabisa, "Hela iweke hapo juu ya boksi, mzee wangu." Msibani walimwita kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote, wakamshukuru mpaka akaona haya, kisha chakula kilipoletwa, benchi alilokalia likabaki na nafasi pana kulia na kushoto.

"Nimezoea," alikuwa akisema. Mazoea yana tabu, na waliosema hivyo hawakusema tabu yenyewe huisha lini.

Mtu pekee aliyekula kutoka mikononi mwake bila kufikiri mara mbili alikuwa mkewe. Mke huyo alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi. Walipooana, shangazi yake mmoja alimvuta chemba akamuuliza atalalaje na mikono ile. Alijibu, "Shangazi, mikono hii inamsitiri mtu asiyeweza hata kusema asante. Mimi nitakayesema asante si ndiye nitakayetunzwa zaidi?" Shangazi alifunga mdomo, na hakuufungua tena mpaka harusi ikaisha.

Miaka ilikwenda, vidole vya yule mke vikaanza kuvimba kwenye maungo. Sindano aliendelea kuishika kwa ubishi, lakini jikoni sufuria zilimponyoka. Ndipo Mzee Baridi akajifunza kupika, na alichojifunza kilikuwa kitu kimoja tu. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, walichelewa kuamka, wakala mara moja tu saa nne, mlo wa kutosha mpaka jioni. Mkewe aliuita chai iliyokutana na chakula cha mchana njiani.

Alinunua mkate wa juzi, ule ambao mwenye duka huuza kwa bei ya chini kabla haujakauka kabisa. Mkate mpya, alisema, ni mzuri kwa wageni, ila kwenye kikaango unalegea kama mlevi. Aliukata vipande vinene kama kidole gumba. Kikaango alikiweka motoni kikiwa kikavu, bila tone la mafuta, akapanga vipande na kuvikandamiza kwa kifuniko cha sufuria mpaka vikapiga rangi ya kahawia na harufu ikafika mlangoni. Vingali moto, alivisugua kwa punje ya kitunguu saumu. Ule ugumu wa mkate uliila punje kama msasa. Kisha maharage yaliyobaki Ijumaa, yaliyopondwa kwa uma na chumvi kidogo, akayapaka mpaka kingoni. Juu ya maharage, nyanya na kitunguu vilivyoiva polepole mpaka vikakauka maji. Mwisho yai, moja tu, lililopigwa na kijiko cha maziwa na kuvurugwa kwa moto mdogo, likagawanywa juu ya vipande vitatu. Hakuweka kipande kingine juu. Mkewe akaupa jina, mkate wa kichwa wazi, akasema umefanana na mume wake: kipara, na kila kilichomo kinaonekana.

Mke huyo alifariki, sasa ni mwaka wa nne. Mzee Baridi aliendelea na mkate wake kila Jumamosi, vipande viwili badala ya vitatu, na nusu ya yai akaiacha kwenye kikombe kwa ajili ya jioni.

Mwaka wa tatu mtoto wake wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, akamwomba mkewe ahamie kwa baba. "Nyumba ni kubwa, baba yuko peke yake, na mimi mwezi mzima siko," alisema. Mkwe akaja na masanduku mawili na cherehani ya kurithishwa ambayo hakujua kuitumia. Alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno, msichana wa heshima, sauti ya chini, anayepiga magoti ya maneno hata pale yasipohitajika. Alipika siku zote, mzee akala na kushukuru. Hakukuwa na neno baya baina yao.

Ila Jumamosi.

"Karibu, mwanangu. Upo mkate."

"Asante, baba. Nimeshakunywa chai."

Wiki iliyofuata alikuwa na tumbo. Iliyofuata alikuwa anawahi sokoni. Mwishoni visingizio vilimwishia, akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema atakula chumbani kwa sababu ana simu ya kupiga. Sahani ilirudi nyeupe. Mzee alifurahi mno. Tangu siku hiyo alirudi kwenye vipande vitatu, na yai likaisha lote asubuhi.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja, akipeleka taka nje, mfuko ulipasuka kwenye ngazi. Kati ya maganda ya viazi palitoka kifurushi cha gazeti kilichofungwa vizuri, kama zawadi. Alidhani kimeanguka kwa makosa. Alikifungua. Mkate ulikuwa haujaguswa hata kwa jino, yai limekauka juu yake, rangi ya mchanga.

Kisha akafunga gazeti kama lilivyokuwa, akakusanya taka zote kwa mikono, akazipeleka. Jumamosi iliyofuata alichoma vipande viwili, akala peke yake mezani, na hakumkaribisha mtu. Mkwe alipita kwenda bombani, akaona meza, akaona sahani ni moja. Nyumba iliendelea na salamu zake za asubuhi na jioni, lakini wote wawili walijua.

Jumatano moja ya mwezi huo, saa tano asubuhi, kitanda cha magurudumu kiliingia chumba baridi kikitokea chumba cha dharura. Mzee Baridi alisoma karatasi iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu, akairudia mara ya pili. Alikuwa baba wa mkwe wake, seremala wa upande wa pili wa mji. Moyo ulikuwa umesimama akiwa kwenye benchi la kazi, randa mkononi.

Walikuwa wamekutana mara mbili tu. Ya pili ilikuwa harusini, ya kwanza siku ya kuposa. Mzee Baridi alinyoosha mkono, na seremala akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo akisema, "Unisamehe, mkwe, mikono yangu ina gundi." Siku hiyo alikuwa amevaa suti iliyopigwa pasi. Mikono yake haikuwa na gundi.

Msimamizi wa zamu alimwita kando. "Huyu ni mtu wako. Mwachie mwenzako, nenda nyumbani ukakae na binti."

"Mwenzangu ana watatu wanaomsubiri, atafanya haraka," Mzee Baridi alijibu. "Huyu sitaki afanyiwe haraka."

Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, ingawa aliyelala pale hangejua tofauti. Alitoa vumbi la mbao masikioni kwa kitambaa chembamba. Alimnyoa kwa wembe mpya, akakumbuka masharubu. Aliyakata kwa mkasi badala ya kuyaondoa, kwa sababu mtu huzikwa na uso wake. Alipofika mikononi aliona vanishi, nyeusi, imezama kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha. Alijaribu sabuni. Alijaribu mafuta ya taa kwenye kidole kimoja, ikaanza kutoka. Hapo akaacha. Aliishika ile mikono muda mrefu, akaikausha, akaiweka juu ya kifua.

Mkwe alifika alasiri na mumewe, aliyegeuza lori katikati ya safari. Mzee Baridi hakuwa baba yao saa ile. Alifungua mlango kama anavyowafungulia wengine, akasimama ukutani. Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu bila kulia. Akagusa sharubu. Akashika mkono, akaugeuza kiganja juu.

"Vanishi haikutoka?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ingetoka," mzee alisema. "Niliona niiache. Nilidhani mtamjua kwayo."

Hapo ndipo binti alipolia.

Mazishi yalipita. Ndugu walikaa siku zao wakatawanyika, na lori lilimwita mume barabarani. Mkwe aliomba ruhusa kazini, akarudi nyumbani kwa mzee, akajifungia. Chai aliyoitengeneza asubuhi ilikutwa jioni kwenye kikombe, ina utando juu.

Jumamosi ilipofika Mzee Baridi aliwasha jiko saa nne kasoro. Hakuwa na mpango wowote. Ilikuwa siku yake na mkate wake. Alikuwa anasugua kitunguu saumu alipoona kivuli mlangoni. Mkwe alikuwa amesimama pale, kanga begani, macho yamevimba.

"Baba. Na mimi nipe."

Mzee hakugeuka upesi. "Mkate mwingine upo kabatini," alisema. "Maharage haya hapa. Jichomee mwenyewe, mwanangu. Sitaki ule kwa kunihurumia."

"Nataka huo ulioushika."

"Niliona gazeti."

Jiko lilinguruma kidogo. Kipande kimoja kilianza kuungua, akakigeuza.

"Nilijua umeona," mkwe alisema. "Ulipoacha kunikaribisha nilijua. Nililala na aibu kila siku, na asubuhi sikuwa na mdomo wa kusema. Baba, mimi nilifundishwa. Nilipowaambia nyumbani nimepata mchumba na baba yake anafanya kazi gani, mzee wangu alisema, 'Olewa, lakini usile kwa mikono ya yule.' Alikuwa hana ubaya. Aliogopa tu. Na mimi nikaogopa kwa sababu yeye aliogopa."

"Wengi huogopa."

"Ndiyo. Halafu nikamkuta pale, amechanwa nywele." Akajifuta macho kwa kanga. "Mama alipokuwa hai ndiye peke yake aliyemchana nywele hivyo, kuelekea kushoto. Wewe ulijuaje?"

"Nywele zenyewe zilielekea huko. Ukizisikiliza zinakuambia."

Aligawa yai. Alilisimamia kwa muda mrefu kuliko kawaida, akihakikisha kila kipande kimepata sawa, kisha akaweka sahani mezani, akakaa upande wa pili bila kugusa chake. Mkwe alichukua kipande kwa mikono miwili. Mzee aliangalia dirisha. Alisikia mkate ukivunjika, kisha kimya kirefu, na akajua kwamba tonge halishuki. Hakumhimiza. Baadaye likashuka. La pili lilikwenda kwa urahisi zaidi. Nusu ya kipande ilipofika, mkwe akakiweka chini.

"Imetosha kwa leo, baba. Si kwamba..."

"Nimekuelewa. Tumbo lenye msiba ni dogo."

Alimmiminia chai. Wakakaa. Kisha binti akauliza lile swali ambalo ndugu wa marehemu humwuliza mzee kila siku, mlangoni, wakiwa wamekwishaondoka hatua mbili na kurudi.

"Aliumia?"

Kuna jibu ambalo Mzee Baridi huwapa watu wote, na ni la huruma. Hili hakulitoa.

"Kidogo, nadhani. Taya lilikuwa limebana alipofika, nikalilegeza. Lakini paji la uso halikukunjamana. Mtu aliyeteseka muda mrefu huja na mikunjo isiyoondoka hata nikifanyaje. Yeye hakuwa nayo. Ilikuwa ghafla."

Mkwe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea kitu kizito na kukipangia mahali. Akaanza kusimulia habari za baba yake: jinsi alivyopima mbao kwa shibiri na kudai futi ya chuma ni ya wavivu, jinsi alivyoimba vibaya akipiga randa, na kiti cha kwanza alichomtengenezea, chenye mguu mmoja mfupi, akakataa katakata kukiri kwamba kinayumba. Mzee alicheka kwa hilo la kiti, kicheko halisi, kisha akajishika kwa kuona kama amekosea adabu. Binti naye alikuwa anacheka, huku machozi yanamtoka.

Waliongea mpaka jua likahama kutoka mezani. Mtu aliyekataa kumpa mkono, Mzee Baridi alimfahamu asubuhi ile kuliko siku zote za uhai wake, na akajikuta anasikitika, kwa dhati, kwamba hawakupata kukaa pamoja.

Majirani hawakubadilika. Muuza mboga aliendelea kuonyesha boksi mpaka mzee alipostaafu, na mabenchi ya misibani yaliendelea kuwa mapana. Siku ya kumuaga kazini wenzake walileta soda na keki, msimamizi akatoa hotuba fupi. Mkwe alikuwepo, amekuja moja kwa moja kutoka kliniki na sare yake. Keki ilipowekwa mezani, watu wakaanza kutazamana kuona nani ataikata. Yeye alisimama, akachukua kisu, akamkabidhi mzee.

"Baba, tukatie," alisema, na akanyoosha kiganja kuwa wa kwanza kupokea.