Mahojiano ya Dada na Mdogo Wake

Alipostaafu kazi ya kupiga chapa, mama huyu aliona nyumba imemzidi ukubwa. Vyumba viwili tu, lakini aliyekuwa akimsemesha ni mtangazaji wa redio peke yake. Akajiandikisha darasa la filamu za makala akiwa na miaka hamsini na tisa, katikati ya vijana waliomwita "bibi" na kugombea kumbebea kamera.

Tusimcheke. Darasa lilikuwa kisingizio. Miaka saba hakuwa amesema na mdogo wake wa kiume, tangu aliposhindwa kuja kumzika mama yao. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kiburi walikinyonya ziwa moja. Mwalimu alipotaka kila mtu amhoji ndugu yake, mama huyu akapata la kumwandikia mdogo wake: "Njoo unisaidie kazi ya shule." Akaja, na shati limepigwa pasi.

Mwalimu alikuwa na kanuni moja: ukishauliza, funga mdomo. Usiseme "mmh," usiseme "pole," sauti yako itaharibu jibu. Mtazame tu, uhesabu mpaka kumi.

Mama akawasha kamera, akavaa hedifoni, akauliza habari za utoto, za kazi, na mwisho za mazishi.

"Nilifika mpaka stendi," mdogo wake akasema. "Nikaona aibu. Mama aliniita mwezi mzima akiumwa, sikwenda. Ningemtazama nani usoni? Nisamehe, dada."

Jibu lilimfika dada ulimini. Lakini mwanafunzi hodari ni mwanafunzi hodari: akamkazia macho, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Mdogo wake alimtazama, akatazama viatu vyake, akamtazama tena. Ilipofika nane akainuka.

"Haya. Nimekuelewa."

Mama alikuwa bado anakagua kama sauti imeingia vizuri. Alipotoka nje hadi barabarani hakumkuta. Simu ikaita, ikaita. Haikupokelewa siku hiyo wala wiki ile.

Mwalimu aliipenda mno rekodi hiyo. Kwa zoezi la filamu ya majaribio akamshauri aondoe maneno yote, abakize zile sekunde nane, zijirudie. "Umeiva," akamwambia, na vijana wakapiga makofi. Mama alitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani akaifungua kwenye kompyuta.

"Nilishakusamehe siku nyingi, mdogo wangu," akasema kwa sauti. Kwenye kioo, mdogo wake alikuwa ameshaanza kuinuka. Akairudisha nyuma, ajaribu kusema mapema zaidi.