Mkono wa Resi na Mwenyewe wa Bonde

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, bonde letu la mpunga huku Pujini lilikuwa na mwenyewe. Simsemi mwenye hati. Nasema yule shetani ambaye watu wazima walimtaja kwa sauti ya chini, na ambaye kila mwaka, kabla ya kulima, alifukiziwa ubani kando ya dimbwi.

Mwaka mmoja trekta liliutangulia ubani. Bibi yangu, Bi Mize, alikuwa na kipande chake humo bondeni, na chakula chetu cha mwaka kilitoka hapo. Dereva alikuwa mwanawe wa kumzaa, mjomba Hamadi. Trekta lenyewe lilikuwa kongwe, rangi imeshabanduka yote, lakini mjomba alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, na ukimwambia hivyo hakatai.

Kila likikaribia dimbwi, lilizimika. Chini ya usukani kulikuwa na kijimkono cha kuongezea mafuta, mafundi wanakiita mkono wa resi. Mjomba akiusukuma juu, nao unashuka wenyewe, polepole, mbele ya macho yetu, mpaka injini inyamaze. Wanawake waliokuwa wakingojea zamu ya vipande vyao wakaanza kurudi nyuma. Mimi nikajibanza kwenye kanga ya Bibi. Naapa niliona vidole vikiushusha.

"Mwanangu, hapano pana mwenyewe, na kakataa," Bibi alimwambia mjomba. "Tutalima, lakini hatutokula."

"Mama, mkono umelegea tu. Hapa udongo mzito, trekta linatikisika sana, ndo unashuka."

"Na nani kaulegeza?"

Mjomba akashuka kwenye trekta. Alitandika gunia chini, akafungua nati, akatoa springi na kijisahani cha ngozi kilichokuwa kikiubana ule mkono usiteleze. Ngozi ilikuwa imelika, imebaki nyembamba mfano wa ganda la kitunguu. Spea ya trekta la umri ule hukuipata mjini Chake wala bandarini Wesha. Akakata kipande cha ndara yake, kikateleza kwa mafuta. Akaufunga mkono kwa mpira wa baiskeli, ukakatika. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshatanda. Mvua ikinyesha, trekta haliingii tena bondeni, na sisi ndiyo basi.

Bibi akanituma nyumbani nikamletee makubadhi yake, yale ya ngozi nzito aliyoyaweka kwa ajili ya maulidi na harusi.

"Kata," alimwambia mjomba.

"Si umesema kakataa?"

"Nimesema. Kata. Wajukuu zangu watakula nini?"

Mjomba akakata kisahani kipya katika kubadhi la mguu wa kulia. Bibi naye akawasha ubani, akalifukiza trekta zima, mpaka matairi. Mkono ukashika. Bonde likalimwa lote, na jioni ile mjomba alicheka kama kijana aliyeposa akakubaliwa.

Mpunga ulikuja kijani mpaka raha. Kisha likaja bamvua kubwa, bahari ikajaa kupita kawaida, ikavunja tuta lililolikinga bonde, maji ya chumvi yakaingia bondeni yakalala. Mpunga ukawa manjano, halafu mweupe. Bibi alisimama ukingoni akauangalia. "Sikusema?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Mwaka ule tulikula muhogo. Wengine walisema mwenyewe kaudhika kwa ubani kuchelewa, wengine kwa trekta kutiwa kiatu. Wote walimlaumu mjomba. Tangu hapo kila mwaka alijenga tuta upya, na kila mwaka bahari ililipita, mpaka mgongo ukamshinda.

Sasa Bibi hayupo, na pale palipokuwa na mpunga inaota mikoko. Watu huniuliza kama naamini. Sijui. Nijualo ni kwamba siku ile mjomba alitengeneza kilichoharibika, na Bibi alitoa ubani na kubadhi lake pia. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linaloniuma, maana wangekosea, ningejua cha kuwafundisha wanangu.

Juzi nilipita bondeni. Trekta lingali pale lilipoachwa, limezama magurudumu, limeliwa na kutu. Nikausukuma juu ule mkono wa resi, nikauachia. Ukabaki pale pale nilipouweka.